Gari Yako Ilizimika Njia ya Beni

Yaya Moustapha, kaka yangu,

Salaam alekum. Kifua kingali kinakusumbua, ama baridi ya Kampala imekuachilia? Huku Butembo tunapumua, alhamdulillahi. Mama anakula kidogo. Hii barua naiweka mukononi mwa Bilali, dereva wetu. Hapana kuisoma mbele ya batu.

Uliniomba nipeleke gari yako kwa Kambere, mekanisie wako, apange ile kazi: turbo kubwa, échappement mupya ya kutoa moshi, na kuongeza nguvu ndani ya kompyuta ya moteur, ile injini yenyewe. Kambere alisema gari mugonjwa hapana kukimbizwa. Alichomeka valise yake, ile mashine ya kusoma makosa, ikaonyesha turbo inapeleka hewa kidogo. Lakini hakuamini valise peke yake. Alitoa mabougie, zile plagi za moto, akapima nguvu ya kila silinda, kisha nikakanyaga accélérateur, yeye akasikiliza. Durite moja, mupira wa kupitisha hewa, ilikuwa inapiga filimbi: imepasuka kwenye collier, ile pete ya kuikaza. Alikata sehemu mbovu, akaikaza tena, akasema tungojee ya mupya ndipo tuongeze nguvu. Tena nisiikimbize.

Kesho yake Mama, aliyekuwa kwenye kilio cha msiba Beni, alinipigia. Alisema nije na gari, nisiulize kitu. Yaya, unajua ile barabara na waasi wake. Nilienda nikisoma dua moja tu, ile fupi, maana nyingine zote zilinitoka kichwani.

Nilimukuta mulangoni na mwanamuke amejifunika kitenge mpaka macho. Yule aliingia nyuma, akalala chini ya viti. Mama akaniambia, "Faida, endesha tu."

Tulipopita Maboya, kwenye mupando wa kilima, batu walitoka mashambani mbio, wanalia kwamba risasi zimepigwa. Nilikanyaga mpaka chini. Pwaa! Durite ikatoka, moshi mweusi, moteur ikakufa.

Nilishuka, nikafungua boneti. Nilirudisha durite, vidole vikaungua, tournevis, ile bisbisi, ikaanguka mara mbili. Mutu akatokea kwenye migomba na panga. Nilijua tumekwisha. Kumbe ni mulimaji. Aliuliza kama tumeona bibi yake, mke aliyepotezana naye. Nilitikisa kichwa. Akaendelea mbio. Moteur iliwaka, tukafika Butembo polepole, hewa ikivuja.

Sasa kaa chini, yaya. Yule wa kitenge ni Aisha. Bibi yako wa ndoa, yule tuliyemusomea hitima tukijua amekufa. Wale waliomukamata shambani Kamango walikuwa naye porini muda huu wote. Alitoroka, akafika Beni kwa miguu, Mama akamukuta kwa jirani. Amekonda, lakini ni muzima.

Anasema mumoja wao anaijua sura yake na anatembea mujini. Ndiyo maana hapana nilikupigia simu: batu wangesikia. Pikipiki ikisimama inje, yeye anaingia chini ya kitanda, na mimi nazima redio, nashika mulango na mikono miwili kama vile mikono yangu inaweza kitu.

Aliniuliza jambo moja tu, ameangalia ukuta: kama baada ya yale aliyotendewa kule, wewe ungali unamuhesabu bibi yako. Nilimwambia siwezi kukujibia. Basi jibu wewe mwenyewe, kwa mukono wako, Bilali ataleta. Turbo iache kwanza.

Mama anakusalimia sana, Kambere pia. Aisha hakunituma salamu. Anangoja jibu yako.

Mudogo wako,
Faida