Mgongo Unaosali Malaika wa Bwana

Bukavu, Muhumba, 12 Aprili 2025

Mdogo wangu Modeste,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Kampala imekupa mahali pa kulala pasipo na kunguni. Mimi ni mzima kuanzia kiuno kwenda juu, na kuanzia kiuno kwenda chini. Kiuno chenyewe ndicho kinachonifanya nikuandikie.

Karatasi hii nampa Tatiana, yule muuza bitenge, maana yeye huvuka kila mwezi kwenda kununua mali. Simu siku hizi hufunguliwa na kusomwa njiani. Karatasi iliyokunjwa ndani ya kitenge haina anayeitamani.

Basi, mgongo unauma pale chini, juu kidogo ya mkanda. Nikiinama nabaki nimeinama, watu wanapita wananisalimia, nami naitikia huku natazama matope. Wewe ni kiné, kazi yako ni kunyoosha migongo ya watu, na umeondoka ukauacha wangu. Sikulaumu, mimi yaya wako, kaka yako mkubwa tangu nilipomwoa dada yako Christine. Mtu aliyewatibu askari majeruhi miaka kumi na miwili asingengoja hao waasi waingie mjini na kuanza kuuliza majina.

Golf bado nacheza. Uwanja wetu wa mashimo sita kule Nyantende, ule walioacha wazungu wa chai, ungalipo, na ng'ombe ndio wanaokata nyasi. Jumamosi iliyopita nilimaliza mashimo manne nikarudi nikiwa mzee wa miaka mia. Nipe dawa, Modeste, mgongo huu nauhitaji.

Mama yako hajambo. Yuko kwenye mihogo yake, mkaidi vilevile. Anakusalimia.

Yaya wako,
Grégoire

Kampala, 4 Mei 2025

Yaya Grégoire,

Jambo sana. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umeandika kwa ajili ya kulalamika. Mimi ni mzima. Karatasi zangu za kazi hazitambuliwi huku, kwa hiyo napanga makreti ya soda kwenye ghala la Mrega mmoja, Mkongo mwenzetu wa Mwenga. Usiku nalala chumba kimoja na watu watatu. Kunguni wapo.

Sasa nisikilize, na usinijibu kwamba wewe ni mzee unajua. Usilale kitandani kutwa kucha. Mgongo unaolazwa unakauka. Tembea kila siku, hata kama ni kutoka kwako hadi Nyawera na kurudi. Asubuhi piga magoti na mikono sakafuni kama mtoto anayetambaa, unyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu kumi, ubadilishe. Kabla ya kupiga mpira wa kwanza, zungusha nyonga dakika kumi. Nimekuona mara ngapi unashuka kwenye pikipiki, unafika, unapiga fimbo kama mtu anayekata mgomba! Punguza nguvu nusu, uache nyonga zigeuke pamoja na mabega. Na mpira usiuokote kwa kuinama miguu imenyooka. Egemea fimbo, inua mguu mmoja nyuma, shuka, okota.

Nataka pia uniandikie kila siku kwa wiki tatu: maumivu yanakuja saa ngapi, upande gani, kwa nguvu gani kati ya sifuri na kumi. Bila hivyo natibu gizani.

Mama umwambie aniletee neno kwa mdomo wake, wewe uandike tu. Namuota sana.

Mdogo wako,
Modeste

Bukavu, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Modeste,

Pole na makreti. Huku tunapumua, tunakula, tunafunga milango mapema. Christine wangu angekuwa hai angesema tunashukuru Mungu, basi nashukuru kwa niaba yake.

Nimekutii. Natambaa kila asubuhi kama mtoto, na paka wa jirani yangu Mapendo anakuja kutazama. Natembea hadi Nyawera. Ule ujanja wa kuinua mguu nyuma ni mzuri, ingawa wachungaji wa ng'ombe walicheka hadi wakakaa chini.

Vipimo vyako viko kwenye karatasi ya pili. Nimekuwa mpima ardhi miaka thelathini na sita, na sijawahi kuandika kipimo ambacho sikukisoma. Utakuta kila siku na saa yake, pande zote mbili nimezitenga, nimepiga hata mistari kwa rula.

Mama yako nilimuuliza akuambie nini. Haya ndiyo maneno yake, sikuongeza hata moja: "Umwambie akule muzuri. Na asirudie huku."

Yaya wako,
Grégoire

Kampala, 6 Julai 2025

Yaya Grégoire,

Natumaini u mzima. Leo sina salamu ndefu, unisamehe.

Nimesoma karatasi yako ya vipimo mara nyingi hadi mikunjo inaanza kuchanika. Mgongo wa golf naujua. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia kama wewe, huuma zaidi upande mmoja, wa kulia, na huuma siku ya mchezo na kesho yake. Wako unauma pande zote mbili sawasawa. Unauma Jumatatu kama Jumamosi. Na tazama saa ulizoandika kwa mkono wako mwenyewe: kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, kumi na mbili jioni. Kila siku, siku ishirini na moja, bila kukosa. Yaya, mgongo wako unasali Malaika wa Bwana.

Golf haina saa hizo. Mwenye saa hizo ni kengele ya parokia inayoita sala hiyo, au mgonjwa asiyeweza kuamka peke yake. Nimewatazama wake na waume wa wagonjwa wangu wakishika viuno hivyohivyo, kwa saa hizohizo. Wewe unanyanyua mtu. Kwa maumivu uliyoandika ni mzito kidogo, labda kilo hamsini na tano, na hawezi kukusaidia.

Unaishi peke yako. Christine tulimzika pamoja. Watoto huna.

Nani yuko nyumbani kwako? Usinidanganye tena, nakuomba kwa jina la yule tuliyemzika.

Modeste

Bukavu, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Keti kwanza.

Ni mama yako. Tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, siku ya Mtakatifu Yosefu, alianguka kati ya mihogo, na upande wa kulia ukakataa. Hakukuwa na gari lililokubali kupanda Nyantende siku zile, wala pikipiki, nikamfuata kwa miguu. Majirani zake walitengeneza kipoyi kwa miti miwili na blanketi, lakini penye mteremko wenye utelezi kipoyi hakikuwezekana, nikamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Nina miaka sitini na saba. Niliteremka naye hadi barabarani, na pale chini kitu kikalia kwenye kiuno changu kama kuni kavu.

Tangu siku ile yuko chumba cha Christine. Mapendo huja kumuogesha, lakini kumnyanyua hawezi. Asubuhi namweka kwenye kiti, mchana namgeuza, jioni namrudisha. Ndizo saa ulizozisoma. Fimbo sijaipeleka uwanjani tangu mwezi wa tatu, na hao wachungaji waliocheka niliwatunga. Fimbo moja nimeifunga kwenye mbao za kitanda, ndiyo anayoshika kwa mkono mzima.

Daktari alikuja. Alisema ni mshipa wa kichwa uliopasuka, na kwamba pengine utapasuka mwingine. Kusema anasema, taratibu. Usiku ule wa kwanza alinishika shati. "Grégoire," akasema, "ukimwambia, atarudia. Akirudia, batamukamata. Miye nilizala batoto saba, nabakia na moja tu. Apana mwambia, hata nikikufa." Nikaapa, mkono juu ya rozari yake.

Nilidhani nimekuficha vizuri. Kwa maneno naweza kudanganya, hilo umeliona. Vipimo vilinishinda.

Sasa umejua, nakuomba nami kwa jina la Christine: usije. Wiki iliyopita walimuulizia tena kiné wa hospitali ya askari, wakaenda na kijana wa maabara, na hajaonekana. Kama unataka kumsaidia mama yako, usaidie mgongo wangu.

Yaya wako,
Grégoire

Kampala, 17 Agosti 2025

Yaya Grégoire,

Nakusalimu, na mama unisalimie, sijui kwa maneno gani.

Nilinunua tikiti ya basi la Kigali. Nilikaa kitini, begi mapajani. Dereva alipowasha, niliwaza maneno ya mama kuhusu watoto saba, nikashuka. Mpaka leo sijui kama nilishuka kwa kumtii au kwa woga. Naona haya kukuandikia.

Basi fanya hivi. Usimnyanyue akiwa amelala, hapo ndipo unapoumia. Mgeuze kwanza kwa ubavu, akielekea ukingoni mwa kitanda. Teremsha miguu yake, halafu sukuma bega lake polepole, ataketi. Kiti kiwe upande wake wa kushoto, ulio mzima. Miguu yake ikanyage sakafu, yako itengane, magoti yako mbele ya yale yake ili yasiteleze. Usimvute kamwe kwa mkono wake wa kulia, bega litachomoka. Kumbatia, mikono yako mgongoni kwake. Mlete karibu na kifua chako, karibu kabisa, kwa maana mzigo ulio mbali ndio unaovunja. Mwinamishe mbele mpaka pua ipite juu ya magoti. Hesabuni pamoja kwa sauti, moja, mbili, tatu. Utashangaa, nusu ya kuamka ataamka mwenyewe. Kisha geuka kwa miguu, hatua ndogo ndogo. Kiuno usikizungushe, hii si golf.

Mwambie ni mimi niliyesema. Mwambie sikurudi.

Mdogo wako,
Modeste

Bukavu, 9 Novemba 2025

Mdogo wangu Modeste,

Pole, mdogo wangu. Pole sana. Mama alituacha Jumanne tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi, alasiri, akiwa kwenye kiti dirishani. Mshipa ule mwingine ulipasuka kama daktari alivyosema. Mapendo alikuwa anamsuka, hakuona kitu hadi kichwa kilipolegea mkononi mwake.

Ningekuandikia mapema, lakini Tatiana alizuiwa mpakani miezi miwili, na barua yako ilikuwa imenifikia mwezi wa tisa tu. Nilimsomea. Alinikasirikia siku nzima kwa kuvunja kiapo, hakula. Kesho yake asubuhi akasema, "Njoo basi, fanya vile anasema." Tukafanya. Ubavu, miguu, bega, magoti, moja, mbili, tatu. Alisimama, Modeste. Akasimama kifuani pangu kitambo kirefu, akasema, "Iyi mikono iko ya mutoto yangu." Sikumbishia. Tangu siku ile aliamka kwa kuhesabu, na alihesabu yeye, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakawa wanajua saa.

Tulimzika Nyantende, karibu na baba yako. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Usije bado. Hilo alilirudia mara ya mwisho Jumapili, siku mbili kabla ya kutuacha, nami nakufikishia kama lilivyo.

Uliniuliza maumivu kati ya sifuri na kumi. Ni sifuri, asubuhi, mchana na jioni, siku ya kumi na mbili leo. Saa kumi na mbili naamka bila kengele, naingia chumba kile, natenga miguu, nakunja magoti, na kitanda hakina mtu. Mgongo umepona kabisa, mdogo wangu. Afadhali ungeuma.

Yaya wako,
Grégoire