Mboga za Elfu Thelathini

Mpendwa Mama Mianda, naomba msaada wako gazetini kabla nyumba yangu haijavunjika, majina nimeyageuza ila mambo ni ya kweli tupu. Mimi ni dereva wa lori machimboni, mke wangu Agnès anashona nguo kwa cherehani ya kuazima, tuna watoto watatu, wa kwanza Ariel, na mwezi wa pili tulikubaliana kuacha unga wa mifuko na kuku wa barafu wa ng'ambo ya mpaka, tule vya hapa kwetu, mahindi ya Kasaji, maharage, mboga za soko la Manika, na kila tunachonunua kiandikwe kwenye daftari, tukihesabu pamoja Jumapili baada ya misa, kinachobaki kiwe cha kumnunulia cherehani yake mwenyewe, na niliapa kutoandika uongo humo hata wa faranga mia.

Sokoni nakwenda mimi, maana Jumamosi Agnès ana wateja, na Jumamosi ya tatu nikamkuta mama mkwe wangu, Mama Kapinga, mjane, amekaa nyuma ya rundo la sombe, majani ya muhogo ya kuuza, yeye ambaye sote tunajua Jumamosi yuko kanisani kwenye maombi. Akainamisha kichwa, nami nikainamisha, kwa kuwa sisi watu wa Kasai mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Tata, usiambie Agnès. Kule Likasi balisimamisha mutoto wangu Hénock kazi, na ni yeye alikuwa ananisaidia. Sitaki batoto banionee huruma." Nikajibu, "Ndiyo, mama." Sasa ningefanyaje, kupita bila kununua ni matusi, kupunguziana bei ni aibu, na kusimama mbele yake nikingoja chenji ndiyo haiwezekani kabisa, basi nikaweka noti ya elfu kumi nikageuka niende, naye, kwa vile hawezi kula pesa ya mkwe bure, akanijazia matabishi, nyongeza ya bure, juu ya mboga mpaka mfuko ukachanika. Wiki iliyofuata nikaona haya kwa matabishi yale nikaweka noti mbili, naye akaongeza lengalenga, bamia na maboga mawili, nikaweka tatu, na hapo ndipo tulipo. Mzigo wote siwezi kuufikisha nyumbani nikaulizwa umetoka kwa nani, kwa hiyo karibu wote namwachia motard, yule wa pikipiki aliyenibeba, nafika na mafungu mawili, kisha naandika: mboga, elfu thelathini.

Jumapili iliyopita Agnès alifunga daftari taratibu akasema, "Tata Ariel, huyu mwanamuke mwenye kukuuzishia mboga, eko na jina?" Nikainama nikafunga kamba za viatu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniumiza, tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani halafu anarudi kwenye kushona bila kukaa nami. Nampenda sana. Nikisema, nimemvunjia mama yake ahadi; nikinyamaza, nampoteza yeye.

Mkwe wa Manika

Mkwe wa Manika,

Nimecheka kwanza, unisamehe, halafu nikaacha kucheka. Moyo unao, tata, lakini akili umemwachia motard pamoja na sombe.

Unadhani unamsaidia yule mama? Mboga zile naye amezinunua alfajiri kwa wenye baiskeli wanaotoka mashambani. Kila ukiongeza noti anaongeza mafungu, meza inabaki tupu, wateja wake wanahamia kwa jirani, na bidhaa yake inaliwa kwa motard. Heshima yenu ninyi wawili inakula cherehani ya Agnès, na hakuna anayeshiba isipokuwa motard.

Mimi pia ni wa Kasai, hiyo ya kuinamisha macho usinifundishe. Lakini wazee waliotuambia tusitazamane na wakwe walituambia pia kwamba maneno ya mkwe na mama mkwe hupitia kwa mke. Mlango wenu ni Agnès, na mmeufunga.

Uliahidi kutomwambia, basi usimwambie. Hukuahidi kwenda sokoni maisha yako yote. Jumamosi hii baki nyumbani na watoto, songa bukari mwenyewe, mpe Agnès kikapu na noti zako tatu umwambie, "Mama Ariel, mwenye kuniuzishia mboga eko Manika, mu meza za sombe. Nenda umuone." Usiongeze neno. Atatoka na hasira, mwache aende nayo, haitafika mbali. Na usisubiri wiki nyingine, kwani majina umegeuza lakini mwanaume anayenunua sombe kwa elfu thelathini anajulikana Manika nzima.

Mama Kapinga atakununia wiki mbili. Vumilia. Mficha uchi hazai, na mjane anayewaficha wanawe njaa yake anawanyima nafasi ya kuwa wanawe. Kuuza sombe si aibu. Mimi nimesomeshwa kwa pesa ya sombe, na ndiyo maana leo naweza kukugombeza gazetini.

Jumapili fungueni daftari pamoja. Cherehani itachelewa, Agnès ataelewa kuliko unavyodhani. Usifute kitu. Pale ulipoandika mboga, elfu thelathini, mpe yeye kalamu, apige mstari aandike upya kwa mkono wake: mboga, elfu tano. Mama, elfu ishirini na tano.

Mama Mianda