Mabega ya Mama

Jumatatu, 27 Mei 1996

Dakta Muriuki, mwalimu wangu wa chuoni, amekuja hapa Kaaga, Meru, kunikagua. Alikaa nyuma kabisa ndani ya ukumbi wa shule, mguu juu ya mguu, akawatazama wasichana wangu wakicheza mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema miguu ni safi, mistari ni safi, historia niliyoandika ni safi — lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ngoma imekufa. "Wambura, umewafundisha kutembea vizuri. Kucheza bado."

Nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Miaka mitatu nasomea ngoma chuoni — namna ya kuuweka mwili, historia, utunzi — halafu naambiwa hivyo mbele ya watoto wa Form Two! Mbaya zaidi, anasema kweli. Hii ni ngoma ya wasichana wa kwetu Mbeere na mimi sijawahi kuiona ikichezwa. Nimeiokota vitabuni na kwenye picha za zamani. Picha haisogei.

Mtahini wa nje anakuja tarehe 28 Juni. Nikianguka, narudia mwaka. Namjua mtu mmoja tu aliyeicheza ngoma hii. Na huyo siwezi kumwuliza.

Jumatano, 29 Mei

Sijalala. Chumba changu hapa Majengo kimepakana na bucha, na shoka huanza kazi kabla ya jogoo. Lakini si shoka.

Mama aliokoka mwaka niliozaliwa mimi. Kila wiki katika ushirika anasimama kushuhudia, na maneno ni yale yale: Bwana alimtoa katika ngoma, katika ugoro, katika pombe ya asali. Ngoma ndiyo ya kwanza. Nimekua nikiisikia. Nilipomwambia nimeitwa chuoni kusomea nini, aliuliza tu kama kuna walimu waliookoka huko. Watu anawaambia nasomea ualimu. Si uongo kamili, maana mazoezi ya kufundisha ndiyo yaliyonileta Kaaga.

Jumamosi, 1 Juni — nyumbani, Siakago

Nimemwuliza. Tulikuwa tunapepeta ndengu. Hakuinua macho. "Hayo niliyaacha msalabani," akasema. Nikamwambia nitaanguka mtihani. Akasema Mungu hawezi kuniacha nianguke. Nikajibu kwamba Mungu si mtahini — ulimi wangu utaniponza siku moja! Mama akabeba ungo wake akaingia ndani.

Baba alikuwa amekaa kando akichonga mpini wa jembe. Yeye hajaokoka na hana mpango. "Mimi nilitoa mbuzi wa mahari kwa sababu ya mabega yake kwa hiyo ngoma," akasema. "Hawa ndugu wa ushirika walikuja nyuma yangu."

Jumapili, 2 Juni

Imetokea! Naandika haraka nisije nikasahau.

Tuliporudi kutoka kanisani, baba alikuwa ametoka na mbuzi. Mama akaniita ghalani, akafunga mlango. Nilidhani ananipimia ndengu za kubeba. Akavua sweta, akasema nitazame.

Mabega hayatikiswi. Hilo ndilo kosa langu lote. Yanaachwa yaanguke, moja halafu jingine, pumzi ikitoka, na miguu ndiyo inayofuata. Mimi nilianzia chini kama tulivyofundishwa. Nilipojaribu, akacheka. Mama! Akasema nacheza kama mtu aliyebeba maji kichwani na anaogopa kulowa. Akanishika mabega kwa mikono yote miwili, akayakandamiza. Sikumbuki mara ya mwisho mama kunishika. Tumecheza katikati ya magunia bila wimbo, bila kupigiwa chochote, pumzi tu, hadi vumbi la mtama likatupigisha chafya.

Halafu akavaa sweta, akajifunga kitambaa chake cha kichwa. "Hii tumeiacha hapa hapa, sindio?" Nikasema ndiyo, mama. Na mimi ndio huyo kesho naipeleka Meru.

Alhamisi, 6 Juni

Wasichana wameishika. Caroline, ambaye ni wa kwetu Siakago, amewapita wote. Ananiambia, "Madam, hii ukianza hauwezi stop."

Dakta Muriuki amepita. Leo hakukaa. Alisimama kando ya mlango muda wote, kisha akauliza, "Na hii sasa umetoa wapi?" Nyumbani, nikasema.

Nimefurahi. Wacha niandike, maana furaha kwangu huwa mgeni wa siku moja.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya wazazi. Mwalimu mkuu alitaka wageni wachezewe kidogo. Nilipaswa kukataa. Nilijua ni akina nani watakaopanda kutoka kwetu: waliookoka ndio wasiochoka kusomesha binti zao shule za mbali. Lakini nilitaka kuonekana. Basi, nimeonekana.

Wazazi walipiga makofi, wengine wakasimama. Beth, mama yake Caroline, hakupiga. Yeye ndiye anayeongoza ushirika pamoja na mumewe, na miaka yote hii amekaa benchi moja na mama. Alinifuata nyuma ya ukumbi na chupa yake ya chai, akanisalimu vizuri, akauliza habari za masomo. Kisha akasema, "Wambura, mwanangu, hii mabega ulifunzwa na nani?"

Nikasema nimesoma kwa vitabu.

"Mimi na mama yako tulicheza pamoja tukiwa wasichana. Yeye peke yake ndio alikuwa anaangusha namna hiyo. Kitabu itajulia wapi?"

Hakuwa na hasira. Hicho ndicho kinachonitisha kwa watu hawa. Akanimiminia chai, akasema atakwenda kumwona mama kwa upendo.

Jumanne, 18 Juni

Caroline hakuja mazoezini. Wenzake wanasema mamake amekataza.

Jioni Njuki alipita. Kaka yangu huyu anauza mbegu dukani huko karibu na Kinoru, na Jumapili alikuwa nyumbani. Anasema Beth alikuja, wakazungumza na mama, na wiki hii mama ataiweka nuruni ile ngoma, yaani ataiungama mbele ya ushirika. Njuki haoni shida. "Ni kitu ndogo. Atatubu, watamwimbia, watamkumbatia, iishe. Sasa wewe unalia nini?"

Nalia kwa sababu itaisha. Atasimama aiite siku ile dhambi. Siku yetu ile! Halafu wataimba kwa furaha kwamba imefutwa. Na asipoiita dhambi, watamweka kando. Mama bila ushirika hana mtu. Hao ndio walimlimia alipougua, hao ndio walikesha naye cucu, nyanya yetu, alipofariki. Nimemletea msiba kwa ajili ya alama za mtihani.

Ijumaa, 21 Juni

Mazoezi mabaya. Niliwaambia wasichana wayaache mabega, turudi kwa miguu. Baada ya dakika tano nikawaambia wayarudishe. Wananitazama kama nimerukwa na akili. Nimewafokea bure.

Jumamosi, 22 Juni — Siakago

Nimemwambia mama kwamba nitayatoa mabega. Onyesho litakwenda bila hayo, na yeye atakuwa na kidogo cha kusema.

"Ukitoa, utabaki na nini?"

"Miguu."

"Miguu kila mtu ako nayo," akasema, akaendelea kupiga pasi kitambaa chake cha kesho. Nikamwuliza kesho ushirikani atasema nini. "Ukweli. Si ndio kazi ya pale?" Ukweli upi, sikuthubutu kuuliza. Baba naye hajatania tangu nifike. Hiyo imenitia hofu kuliko yote.

Jumapili, 23 Juni

Saa kumi na moja jioni. Naandikia jikoni.

Ushirika ulianza baada ya ibada. Nilikaa benchi la nyuma. Mama alisimama, akasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Akasema amecheza ngoma na binti yake, mlango ukiwa umefungwa. Watu wakaguna kwa huruma. Beth alishavuta pumzi ya kuanzisha wimbo. Mama akainua mkono — hajamaliza.

"Hiyo sio yenye naungama. Kucheza na mtoto wangu sikuona kama nimemkosea Mungu, na nimemwuliza sana. Naungama hii ingine. Tangu niokoke nimewaambia kila wiki ati ngoma ilinitoka. Haikunitoka. Niko nayo nikipepeta, niko nayo nikichota maji, hata hapa nikipiga magoti niko nayo. Niliwadanganya ndugu zangu. Nisameheni huo uongo."

Akakaa.

Hakuna aliyeimba. Mtu akishaungama pale huimbiwa. Yule wa kuiba mizinga ya nyuki aliimbiwa, hata wa kumpiga mkewe aliimbiwa. Nilimwangalia Beth, naye alikuwa anaangalia mikono yake. Mwishowe mumewe, mzee Naftaly, akasema jambo hili ni zito, wataliombea, kisha watakuja nyumbani leo leo. Nje, bibi mmoja alimshika mama mkono, akauachilia upesi. Wengine walitupisha njia kwa adabu kama tumefiwa.

Tukashika njia ya nyumbani. Nilitaka kumwambia kwamba nampenda. Kwetu hatusemi hivyo. Nikamwomba Biblia yake, nikambebea.

Sasa wanakuja. Baba amewaona kutoka zizini, wako wanne, Beth yuko mbele. Baba amevaa shati safi, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya watu wa kanisa, na amekaa mlangoni na fimbo yake. Mama amemwambia aiweke fimbo. Ameiweka, lakini karibu.

Nimemwuliza mama kama anaogopa. "Sana," amesema. Ameongeza maji kwenye sufuria ya chai, akaniambia nitoe vile vikombe vizuri. Halafu, bila kunitazama, akauliza hao wasichana wangu wanacheza saa ngapi Ijumaa, na mtu akitoka hapa asubuhi kama atawahi.

Nimemwambia saa nane. Atawahi.

Hodi hiyo. Baba ameinuka, na mama amemwambia akae, anaenda kufungua mwenyewe —