Pembeni mwa Picha

Mjukuu wangu Zahara,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Koboko hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini bado anasuka. Mama yako amevuna simsim yake kule Abuku.

Picha zako za Istanbul zimefika kwenye simu ya mama yako. Unauliza kwa nini kila picha ya mji naanza kuitazama pembeni, na kuyaacha maghorofa uliyoyafuata mbali hivyo.

Nilipokuwa kijana tukiishi Arua, msafiri mmoja alipiga picha ya msikiti na mnara wake, akampa baba yangu nakala. Baba aliichukua tulipokimbia vita kwenda Sudan. Ya huko tuyaache. Tuliporudi, msikiti ulikuwa umesimama palepale. Nyumba yetu iliyokuwa jirani nao haikuwepo. Hata msingi ulikuwa umefunikwa na nyasi.

Baba akaitoa ile picha. Mama hakuutazama mnara. Aliweka kidole pembeni kabisa, penye kipande cha ukuta na doa la duara.

"Nyumba iko hapa," akasema. "Hii tabaga yangu."

Tabaga ni kawa la kufunikia chakula. Hilo alilisuka kwa ajili ya harusi ya dada yangu, akalianika ukutani siku ileile msafiri alipopita. Dada yangu hatukurudi naye.

Piga picha maghorofa yako, mama, ni mazuri. Ila usiikate pembe ya chini. Pale kuna mtu ameanika kitu chake.

Babu yako,
Ramadhani