Boga la Zuhura

Basi yule titsha wa kreshi, mwalimu wa watoto wadogo, akalimwaga lote kwenye pipa la taka, dada yangu Mwanaidi, boga sufuria nzima, na mjukuu wangu Zuhura amesimama pale pale anaangalia. Mtoto wa miaka minne! Andika hivyo hivyo, mama Devota, na usinipunguzie ukali. Huyu mama Devota ni jirani, msusi, Mkongo, ndiye anayeniandikia. Mkono wake mwepesi.

Dada, wewe umelala zako Muheza umepumzika, haya ya Johannesburg mimi nimwambie nani? Huku mwezi wa nne majani yanapukutika, baridi inaingia mpaka kwenye meno, ndiyo wanasema mavuno. Kreshi ya Zuhura iko ghorofani, juu ya duka la mablanketi, lifti yenyewe ilikufa zamani, magoti yangu ndiyo yanajua. Wakatangaza wiki ya mavuno. Watoto wachovye majani kwenye rangi wagandamize kwenye karatasi, wahesabu punje za mahindi, na kila mmoja alete kitu cha shamba. Mwanangu Hamisi akaniambia, "Mama, Zuhura kapangiwa boga, Jumatatu." Akapanda kitandani, maana analinda usiku.

Boga! Nilifurahi, dada. Nikakuona umekalia mbuzi unakuna nazi, boga la kwanza la msimu liko jikoni, hiliki inanukia mpaka njiani, watoto wa majirani wamejaa uani mikono wameshanawa. Kwetu boga la kwanza wanakula watoto, wakubwa wanaambulia kulamba sufuria. Nikinyoosha mkono unanichapa na mwiko: "Wee mlafi! Watoto wa watu kwanza!" Na wewe mwenyewe mtoto vilevile, ulikuwa umenizidi kimo tu.

Sasa mimi nitapelekaje boga bichi kwa watoto? Nikalipika. Nazi niliifuata Newtown kwa miguu, maana tui la kopo linanuka bati. Zuhura alipanda ngazi zote anaimba, "Boga la bibi, boga la bibi!"

Kumbe walitaka boga zima! Walipime kiuno kwa kamba, waligonge wasikie linaliaje, halafu walipasue wachambue mbegu. Titsha kafunua sufuria, kacheka, kamwita mwenzie naye aje acheke. Eti chakula cha nyumbani hakiruhusiwi, kuna watoto miili yao inakataa vitu. Sawa, nimeelewa. Si unirudishie sufuria yangu basi? Si nimesimama hapo mlangoni? Unamwagaje chakula mbele ya mtoto aliyekiimbia? Wenzake wakaziba pua: "Eish, Zuhura!"

Nilitukana, dada. Nilitukana Kiswahili chote cha Tanga. Hakuna aliyeelewa ila Zuhura.

Tangu siku ile hanitaki. Tukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, hashiki mkono wangu, anashika kamba ya mkoba. Nikimsemesha ananijibu Kizulu. Jana kamwambia baba yake, "Gogo asije." Gogo, kwa Kizulu chao! Mimi nilikuwa Bibi! Na kesho ndiyo wanafunga hiyo wiki yao, wazazi wameitwa wakaone makaratasi ukutani. Nimemlea toka hajaweza kukaa. Boga nitapika jingine, lakini mtoto kufundishwa kunionea haya, hilo halimezeki, dada. Ningekuwa na wewe tungepanda zile ngazi wote wawili, tukawaulize wanavuna nini hao.

Na bado sijakwambia yule mlinzi wa mlango wa chini kule kreshi alivyonijibu siku nadai sufuria yangu iliyobaki kwao, maana nilimwambia wewe kijana... Ngoja. Nani huyo?

"Bibi! Bibiii! Nimemaliza!"

Yuko chooni. Baba yake kaamka, namsikia: "Nakuja mimi, mama."

"Sikutaki wewe! Bibi anitawaze!"

Umesikia, dada? Mama Devota, umesikia? Haya, nakuja, usiinuke! Wee, usishike ukuta! Malizia wewe, mama Devota, weka hapo mwisho "mdogo wako," niache nipite.