Nani Kazilisha Soya Zangu

Jumatatu, 18 Januari 1993
Palizi tena. Mgongo umekufa. Kitalu changu cha soya ni safi kuliko upara wa padri. Nilifukuzwa kidato cha pili, lakini kwa jaribio lake bwana shamba kanichagua mimi, sio wale wa kidato cha nne. Mbegu kazipaka chanjo ya vijidudu. Mbolea marufuku. Zikistawi hivyo hivyo, ananiombea kozi ya kilimo. Hapa Majengo wote watanikoma.

Alhamisi, 28 Januari
Soya zimekuwa manjano. Rafiki yangu Kasto kapita na baiskeli: "Ndugu yangu, hizo zina safura! Zipeleke misheni zikachomwe sindano!" Nikamwambia atangulie yeye na kichwa chake. Ila nimeogopa.

Bwana shamba kanituliza. Mmea lazima uonje njaa. Ukiwa na njaa ndipo unawafungulia vijidudu mlango, wanajenga vinundu mizizini. Humo mmea una protini zake. Moja nyekundu, ndugu wa ile ya kwenye damu, inawapimia hewa. Nyingine zinawasimamia kazi, nao wanaulipa mmea chakula wanachokitengeneza kwa hewa hiyo. Ukishiba mbolea, unawafungia mlango. Mimi protini nilijua ni maharage na dagaa!

Jioni nimemweleza Baba yote. Kasema tu, "Kitu chenye njaa hulishwa, mwanangu."

Jumapili, 7 Februari
Kijani! Kijani cha kutisha. Baada ya misa nimemburuta Kasto shambani. Profesa wa soya ni mimi. Nimemwonyesha Baba, akatazama pembeni. Wivu wa wazee.

Jumatano, 24 Februari
Nimekwisha.

Wakulima walikuja kutazama kitalu. Nilijigamba mpaka koo likakauka. Bwana shamba akang'oa mche. Mzizi mtupu, kama mkia wa panya. Wa pili vilevile. Wa tatu una kinundu kimoja. Akakipasua kwa ukucha: kimeoza.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. "Kijana, umezilisha mbolea." Nikaapa kwa Mungu. Watu wakacheka. Jina la kozi kaandika la mtu mwingine, palepale.

Kasto alicheka kuliko wote, nikamkaba shati. Kaapa kwa mama yake kwamba si yeye. Namwamini. Yule hawezi kutunza siri hata ya chakula.

Alhamisi, 25 Februari
Nimepita kwenye mahindi ya Baba. Manjano chini mpaka juu. Nikaenda stoo. Mfuko wa mbolea, tunaouficha kama bibi harusi tangu ruzuku iondolewe, mtupu. Na mahindi hayajaonja hata punje.

Baba hakukataa. "Zilikuwa manjano, watu wanakucheka, mwanangu."

Nilimweleza neno kwa neno! Alinisikia. Hakuniamini. Angeniibia ningesamehe upesi. Namchukia. Sijala.

Jumapili, 28 Februari
Sikwenda misa. Manyunyu tangu asubuhi.

Kona ya mwisho ya kitalu kuna miche michache, mifupi, kijani cha taratibu. Mkono wa Baba haukufika huko. Nimeng'oa mmoja. Vinundu tele. Nimepasua kimoja: chekundu kama damu.

Nimeuweka mezani, mahali pa sahani yake. Hatujasemeshana tangu Alhamisi. Karudi, kaushika, kaugeuza geuza. Kaniuliza huu ulikula nini.

Nimechukua jembe, nikaenda kupalilia mahindi yake.

Bado nina hasira.