Sabuni Katika Sanduku Lako

Mama Ndeshi,

Barua zote ulizokuwa ukiniandikia kutoka Machame, kila ulipokwenda kujifungua kwa mama yako, zilianza namna moja: sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo nimejaribu kuanza hivyohivyo nikashindwa. Sisi huku si wazima, na huko uliko sidhani kama kuna hofu tena. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililonileta. Uniwie radhi kwa karatasi hii ya kaki. Ni ile ya kufungia sukari. Sukari yenyewe hatuioni, lakini karatasi zimebaki tele.

Ni Jumapili mchana. Nimefunga mlango wa mbele wa duka na nimekaa nyuma ya kaunta, kwenye kigoda chako. Rafu ungeziona ungedhani tunahama: nyembe, rangi ya viatu, tambi za taa, basi. Watoto wanacheza uani na wenzao.

Leo nilitakiwa nisimame kanisani niwatie moyo wazazi wenzangu. Mimi, Baba Ndeshi. Cheka tu, wewe ulikuwa hodari wa kunicheka.

Wazee wa kanisa wameanzisha utaratibu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, ibada ikiisha, mzazi mmoja husimama na kueleza jinsi anavyolea watoto wake kwa imani katika kipindi hiki cha foleni, ambapo mtu anapanga mstari duka la ushirika tangu alfajiri na kurudi na kikapu kitupu. Mwezi uliopita alisimama mama mmoja wa Ilala, mjane, akawaliza watu. Mwezi huu wakanichagua mimi. Mzee Zakaria alisema usharika unahitaji kumsikia mgane aliyepitia tanuru la moto na watoto wake wawili na bado anawakusanya kila jioni kumwomba Mungu.

Tanuru la moto! Nilikaa mahabusu wiki tatu kwa kuficha sabuni.

Acha nikueleze, maana hili lilitokea baada yako na sijawahi kulisema lote kwa mtu yeyote.

Tulipokwisha kukuzika kule nyumbani, karibu na migomba ya baba, nilirudi na watoto nikafungua duka. Vitu vikaanza kupotea. Sabuni ikaenda, ikafuata sukari, ikafuata mafuta ya kula. Watu wakawa wanafulia majani ya mpapai. Siku moja jamaa wa bandarini akaniletea katoni nne za sabuni ya miche. Nilitakiwa niziweke kaunta, niuze kwa bei ya serikali, watu wapange mstari, ziishe. Sikufanya hivyo. Niliamua kuziuza kidogokidogo kwa mlango wa uani, kwa watu ninaowajua, kwa bei ninayoijua mimi. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Siku hizi kila mlanguzi Kariakoo ana watoto.

Nikatafuta pa kuzificha. Nikaliona sanduku lako, lile la bati la buluu ulilotoka nalo kwenu siku ya harusi. Nilitoa khanga zako, nikatoa gauni la kanisani, nikatoa zile nguo za Elia za uchanga ulizokuwa hutaki kumpa mtu, nikavitia vyote kwenye gunia na kulisukuma chini ya kitanda. Nikapanga miche ya sabuni humo. Ndeshi ndiye aliyenishikia mfuniko. Hakuuliza kitu. Nikawaambia yeye na Elia kwamba sanduku hilo lisiguswe, ni la mama.

Walikuja asubuhi moja shule zikiwa zimefungwa. Alikuwa Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, na mgambo wawili. Unamjua Mzee Kondo, mstaarabu wa watu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba samahani kwamba ametumwa, nyumba zote mtaani zinapekuliwa. Wakaangalia dukani, wakaangalia stoo, wakaja chumbani. Mgambo mmoja akaligonga sanduku kwa kiatu akauliza humo mna nini.

Nikasema, "Hizo ni nguo za marehemu mke wangu, ndugu yangu."

Na nikainamisha kichwa, Mama Ndeshi. Nilikiinamisha kabisa, kama mtu aliyeshikwa na majonzi. Mzee Kondo akamshika mgambo mkono. Akasema, "Basi, ya marehemu tuyaache." Alikumbuka ulivyomsaidia alipougua, na ndizi ulizokuwa ukimpelekea kila mzigo ulipofika kutoka nyumbani. Walishageuka kutoka.

Ndipo Ndeshi aliposema, "Baba, umesahau. Nguo za mama ziko kwenye gunia. Humo uliweka sabuni."

Aliisema kwa sauti ileile anayonikumbushia nilikoweka funguo. Hakutaka kunichoma. Alinionea huruma, alidhani baba yake amechanganyikiwa kwa msiba hata hakumbuki. Ana miaka kumi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kunisikia nikidanganya, kwa sababu wewe ulikuwepo na mimi nilikuogopa. Mzee Kondo alitazama sakafu. Mbele ya wale mgambo hakuwa na la kufanya.

Watoto wakachukuliwa na dada yangu, Ilala. Wiki tatu nililala kwenye sementi na wenzangu wengine wenye watoto. Sitakusimulia ya kule. Wakanipa onyo kali, sabuni ikachukuliwa, nikaachiwa.

Sasa fika hapa na unisikilize vizuri, maana ndilo lenyewe hasa.

Nilipokwenda kuwachukua watoto, Ndeshi alikimbia kunipokea. Sikumpiga. Ningempiga pengine ingekuwa nafuu, kidonda kingepona. Nilimsimamisha mbele ya shangazi yake na mdogo wake nikamwambia, "Mama yako angekuwa hai leo, angekuonea aibu."

Nimeyaandika. Ndiyo niliyosema. Nilikutumia mara ya kwanza kumdanganya Mzee Kondo, nikakutumia mara ya pili kumuumiza mtoto wako. Na wewe huko chini ya migomba, huna mdomo wa kunikanusha.

Hakulia. Alirudi uani kumalizia vyombo alivyokuwa akiosha.

Jioni yetu ya kwanza hapa nyumbani, Elia alileta kitabu chako cha nyimbo na kukiweka mezani kama ilivyokuwa desturi. Unakumbuka ulivyokuwa ukitushika mikono na chakula kikitoa moshi, mimi nanung'unika kwa njaa, nawe unasema, "Kwanza tusali, Baba Ndeshi, wali haukimbii." Nilimwambia Elia nimechoka, tutasali kesho. Kesho yake nikasema vilevile. Siku ya tatu hakukileta. Kitabu kikaenda juu ya kabati na huko kimekaa hadi leo, miezi saba. Ningesalije? Ningeanzia wapi mbele ya yule mtoto?

Jumanne iliyopita Mzee Zakaria alitutembelea. Alikaa, akanywa chai isiyo na sukari, akawageukia watoto akawauliza kwa ile sauti yake ya kanisani kama huwa tunasali nyumbani. Nilifungua mdomo niseme. Ndeshi akaniwahi.

"Ndiyo, babu. Kila jioni. Baba anasoma Neno, mimi naanzisha wimbo, Elia anaomba kwa ajili ya mama."

Bila kusita. Hata wimbo aliutaja, ule uliokuwa ukiupenda. Elia alimtazama dada yake mdomo wazi, naye akamkanyaga mguu chini ya meza. Halafu akanitazama mimi. Alinitazama kama anavyonitazama akiniletea daftari lenye vyema vingi, anasubiri nimwambie amefanya vizuri.

Mzee Zakaria alifuta macho. Palepale akaniambia nisimame Jumapili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsikiliza mtoto wangu, na nimesikia mengi. Mtu akibisha hodi anamwambia baba hayupo, nami nipo, wala sijamtuma. Mwalimu akiuliza kwa nini amechelewa, anasema alikwenda hospitali. Jirani akiomba chumvi, anasema imekwisha jana, huku kopo liko nyuma yake. Mambo madogo, ya kawaida, watoto wa mjini wote wanayafanya. Lakini huyu hakuwa anayafanya. Somo nililompa mara moja tu amelishika kuliko yote uliyomfundisha wewe kwa miaka yote uliyokuwa naye.

Jana nilikwenda kwa Mzee Zakaria. Nilimwambia wazi kwamba nyumbani kwangu hakuna sala, kwamba mtoto alisema uongo na uongo huo ni wangu. Kisha akasema, "Baba Ndeshi, watu wana kiu ya kutiwa moyo. Si lazima useme yote." Akaongeza kwamba watoto ndivyo walivyo, nisijitese bure.

Nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo, mashati meupe manne, yanameremeta. Mtaa mzima unanuka majani ya mpapai, yeye mashati yanameremeta. Nilijua ile sabuni ilitoka wapi kwa sababu ni mimi niliyempa, katoni nzima kabla sijakamatwa, kwa mlango wa uani, na alipoipokea hakuuliza bei ya serikali ni ipi. Sikumwambia hilo. Nilimwambia tu atafute mtu mwingine.

Wakampata. Leo alisimama baba mmoja mnene, akatueleza jinsi ambavyo nyumba ikiwa na maombi hakuna kinachopungua, watoto wanatii, moyo hautikisiki. Watu wakaitikia amina. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nilimwonea wivu, kisha nikamchukia, kisha nikajiuliza na yeye kwake kukoje. Katika watu wote wale, akina mama wanaoacha watoto wamefungiwa ndani ili wakapange foleni, akina baba wanaorudi wamelewa kwa sababu hawana cha kurudi nacho, hakusimama hata mmoja akasema: nimemharibu mwanangu, sijui nimtengenezeje. Angesimama mmoja akasema hivyo, mimi ningetiwa moyo. Ningemfuata nje nikamshika mkono.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, Elia mbele anapiga teke kopo, Ndeshi kando yangu, gauni limembana. Amekua, Mama Ndeshi. Amekuwa na miguu yako.

Tulipofika nililivuta sanduku lako katikati ya chumba. Nikalitoa gunia. Nikawaita wote wawili wanisaidie kurudisha nguo zako. Sanduku bado linanuka sabuni, hata sasa. Ndeshi akawa anakunja khanga, ncha kwa ncha, kama ulivyomfundisha. Ndipo nikasema. Nilikuwa nimeyapanga njiani lakini yalitoka ovyo. Nilimwambia kwamba siku ile yeye alisema kweli na mimi nilisema uongo. Nilimwambia niliyoyasema Ilala hayakuwa kweli, mama yake asingemwonea aibu, angenionea aibu mimi. Nikamwambia anisamehe. Elia akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Ndeshi alimaliza kuikunja ile khanga. Akaiweka sandukuni, akailainisha kwa kiganja. Akasema, "Nimeshasahau, Baba. Wala usiwaze."

Na akanitazama. Macho yaleyale ya Jumanne. Akatabasamu hata, anitulize.

Hajasahau. Alinipa nilichokuwa nakitaka, kama alivyompa Mzee Zakaria alichokitaka. Nilimwomba msamaha, naye akanidanganya kwa adabu zote. Nikabaki nimeshika mfuniko wa sanduku.

Basi ndiyo habari za huku. Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia bila yeye kunijibu kwamba Mungu atatenda. Najua atatenda. Lakini yule mtoto alikuwa mikononi mwangu.

Nakuaga sasa, nawasikia wanagombana uani, na maharage bado yanachemka jikoni. Nakuahidi haya machache. Jioni hii nitakishusha kitabu chako kutoka juu ya kabati mimi mwenyewe, na nitasali hata kama nitaokota maneno, wala sitamlazimisha Ndeshi kuanzisha wimbo. Mtu akibisha hodi nitatoka, hata kama ni mgambo. Krismasi nitawaleta watoto hapo ulipo, nami nitayarudia maneno yangu mbele yako, Ndeshi akiwa anasikia.

Kisha nitangoja. Siku moja, mwakani au akiwa mtu mzima, ataniambia usoni kwamba hakusahau, kwamba yale maneno ya Ilala anayo mpaka leo, kwamba alinichukia. Siku hiyo sitamjibu kwa jina lako. Nitavuta kigoda, nikae, nimsikilize mpaka amalize.

Lala salama, mke wangu.

Baba Ndeshi